Namna ya Kuchora Nasaba ya Ngano: Kutoka Malkia wa Theluji hadi Elsa

Mtoto wa kaka yangu alinisikiliza siku tatu mfululizo kabla ya kulala nikimsomea Malkia wa Theluji, ngano ya Hans Christian Andersen, na siku zote tatu alikuwa amevaa gauni lake la buluu la Elsa, malkia wa filamu ya katuni ya Disney iitwayo Frozen, ndani ya shuka. Siku ya tatu, nilipofunga kitabu, akaniuliza: "Shangazi, sasa Kai na Gerda walienda wapi kwenye filamu?" Nikamwambia watoto hao wawili wa ngano hawamo, waliachwa. Nilimjibu vibaya. Swali lake likanikaa kichwani mpaka nikatandaza karatasi ya manila sakafuni, nikaanza kuchora.

Nafundisha fasihi, na tangu wakati huo hii ndiyo njia ninayowapa wanafunzi wanaotaka kuelewa jinsi ngano moja fupi inavyozaa filamu, filamu ikazaa nyimbo, nyimbo zikazaa magauni, magauni yakaishia kwenye bustani za burudani. Naiita kuchora nasaba. Kwenye ukoo wa watu tunauliza nani kamzaa nani, na nani karithi pua ya babu. Ngano nayo ina ukoo, na sura ya babu huibuka kwa mjukuu mahali ambapo hukuitazamia.

Andaa karatasi kubwa, kalamu za rangi mbili, andiko kamili la ngano, na filamu zenyewe. Tenga wikiendi mbili. Ukiwa na mtoto wa kukusaidia, mweke karibu, kwa maana watoto hukumbuka vitu ambavyo sisi tunavipita.

Anza na babu

Wengi huanza na filamu, kisha hukitafuta kitabu wakitaka kuona "kinafanana wapi". Ukifanya hivyo utaona tu yale ambayo filamu imeshakufundisha kuyaona. Anza na andiko la kale, na usiiguse filamu mpaka umelimaliza.

Malkia wa Theluji ilichapishwa Copenhagen, Denmark, tarehe 21 Desemba 1844. Andersen mwenyewe aliigawa katika visa saba, na hicho ndicho kipimo cha nakala yako: fungua uhesabu. Visipotimia saba, umepewa muhtasari. Tafuta nakala nyingine. Mihtasari ya watoto humfuta yule msichana mnyang'anyi mwenye kisu, na huwafuta mabibi wawili wa kaskazini ya mbali, mmoja wao akiwa yule aliyeandika barua juu ya samaki mkavu kwa kukosa karatasi. Hao usiwapoteze, utawahitaji mwishoni.

Soma mara ya kwanza kwa raha yako. Mara ya pili shika kalamu.

Kabla hujaendelea, panda ngazi moja juu zaidi ya babu na uulize malkia huyu alitoka wapi. Andersen alizaliwa Odense mwaka 1805, baba yake akiwa fundi viatu. Katika maelezo ya maisha yake anasimulia kwamba siku moja ya baridi kali baba yake alimwonyesha kwenye kioo cha dirisha umbo lililofanywa na barafu, kama mwanamke aliyenyoosha mikono yote miwili, akatania kwamba amekuja kumchukua. Mwaka 1816 baba huyo alifariki, mwanawe akiwa na miaka 11, na mama akamwambia mtoto kwamba Binti wa Barafu ndiye aliyemchukua. Mimi huliandika dirisha lile juu kabisa ya karatasi, juu ya tarehe zote. Ngano hii ilianza na mtoto aliyefiwa akitazama kioo.

Orodhesha vitu kabla ya watu

Ukiandika majina tu, nasaba yako itakatika mapema, kwa sababu majina ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Andika vitu na matendo. Vitu vina uvumilivu: hubadilisha wenyewe, lakini huendelea kuishi.

Chukua kioo, kilichomo kwenye kisa cha kwanza. Zimwi moja limetengeneza kioo ambacho kila chema kikijitazama kinasinyaa hadi kupotea, na kila kibaya kinavimba. Wanafunzi wa zimwi wanakipandisha mbinguni ili wawadhihaki malaika, kioo kinatetemeka kwa kucheka, kinawaponyoka na kuvunjika vipande visivyohesabika. Vingine ni vidogo kama chembe ya mchanga. Vikiingia jichoni, mtu huona ubaya tu. Vingine ni vikubwa, vikafanywa vioo vya madirisha, na vingine vikatiwa kwenye miwani. Kisha tunafika kwa Kai na Gerda, watoto majirani, wameketi wakitazama kitabu cha picha. Saa ya mnara inagonga saa kumi na moja jioni, na Kai anashtuka: kitu kimemchoma moyoni, na sasa kitu kimemwingia jichoni. Kuanzia hapo mawaridi waliyoyapenda pamoja anayaona yameliwa na wadudu.

Usiandike "kioo" peke yake. Andika: kioo, kipande jichoni, kipande moyoni. Majeraha mawili, sehemu mbili za mwili. Hilo litakuja kulipa.

Endelea hivyo hivyo. Kigari cha theluji cha Kai kilichofungwa nyuma ya gari jeupe la malkia. Busu mbili: ya kwanza inamwondolea baridi, ya pili inamsahaulisha nyumbani, ya tatu malkia anaikataa mwenyewe, maana ingemuua. Viatu vyekundu vya Gerda alivyovitupa mtoni. Kunguru. Kulungu wa kaskazini anayesema. Ziwa la barafu lililopasuka vipande, na Kai amekaa juu yake akijaribu kuvipanga viwe neno "umilele", kwa kuwa malkia amemwahidi kwamba akiweza, atampa uhuru wake, dunia nzima, na jozi mpya ya viatu vya kutelezea kwenye barafu. Machozi ya Gerda yanayouyeyusha moyo wa Kai.

Mstari mmoja kwa kila kitu, kwa kalamu ya kwanza. Orodha yangu ilifika mistari 26.

Tafuta palipoachwa wazi

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Kabla ya kuuliza filamu ilichukua nini, uliza ngano haikusema nini.

Rudi kwenye kisa cha saba. Gerda anaingia kwenye jumba la barafu, anamkuta Kai amekuwa wa buluu kwa baridi, analia, kipande cha kioo kinayeyuka. Je, malkia yuko wapi? Hayupo. Ameondoka kwenda nchi za joto kuvipaka weupe vilele vya Etna na Vesuvius, milima ya volkano ya Italia. Watoto wanatoka zao wakiwa wameshikana mikono, na hakuna anayewazuia. Ngano imepewa jina lake, naye hayumo mwisho wake. Hatujui anatamani nini, kwa nini alimtaka yule mvulana, wala anahisi nini akirudi na kukuta jumba tupu.

Kwa msomaji wa kitabu huo ni uzuri. Gerda hashindi vita, anampenda mtu tu, na inatosha. Kwa mtengeneza filamu ni taabu, maana mhusika mkubwa kuliko wote hana moyo unaoweza kuonyeshwa. Chora duara tupu katikati ya karatasi na uandike "malkia". Kila kilichozaliwa baadaye kilipitia kwenye duara hilo.

Uliza nani aliruhusiwa kurithi

Andersen alifariki mwaka 1875. Hakimiliki ya maandishi yake imekwisha zamani, kwa hiyo yeyote duniani anaweza kumchukua Malkia wa Theluji bila kuomba ruhusa wala kulipa. Ndiyo maana ukoo huu una matawi mengi yasiyojuana. Mwaka 1957 studio ya Kisovieti ilitoa filamu ya katuni iliyoongozwa na Lev Atamanov, yenye Kai na Gerda wao wenyewe. Mwishoni mwa 2012 studio ya Wizart ya Urusi nayo ikatoa yake, ikafuatisha muendelezo. Wachore hawa kama kina ami: babu mmoja, nyumba mbalimbali.

Tofautisha hapo hapo kinachorithiwa bure na kinachomilikiwa. Malkia wa barafu ni wa kila mtu. Lakini jina Elsa akiwa na sura ile, nywele zile zilizosukwa na kulazwa begani, gauni lile, mtu wa theluji aitwaye Olaf, wimbo ule: hivyo ni mali ya kampuni ya Disney, na ndivyo vinavyouzwa. Chapa ya burudani hujengwa kwa yale yaliyoongezwa juu ya ngano, kwa kuwa ngano yenyewe haiwezi kufungiwa mlango. Ukilielewa hili, utajua kwa nini studio haikuishia kumchora Gerda akitembea theluji kama alivyoandikwa.

Kisha andika miaka ya kushindwa. Watu huiruka, nami nakusihi usiiruke. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Walt Disney na mtayarishaji Samuel Goldwyn walizungumzia filamu ya pamoja juu ya maisha ya Andersen, ambayo ngano zake zingechorwa kwa katuni, Malkia wa Theluji ikiwemo. Hawakufika mbali. Goldwyn alitoa filamu yake mwaka 1952 bila katuni hizo, na ngano ya malkia ikabaki kabatini. Studio ikajaribu tena miaka mingi baadaye, ikaacha, ikajaribu tena. Hadi Desemba 2011 ilipotangazwa kwa jina la Frozen, miaka ipatayo 70 ilikuwa imepita. Kwenye karatasi yangu hiyo ni nafasi ndefu nyeupe, na nimeiacha nyeupe makusudi, kwa sababu duara la malkia lilikuwa bado tupu.

Tafuta siku mlango ulipofunguka

Kila ukoo wa namna hii una mahali ambapo jambo moja lilibadilika na mengine yakafuata. Kwa Frozen mahali hapo panajulikana vizuri, kwani waliokuwepo wamepasimulia hadharani mara nyingi. Waongozaji walikuwa Chris Buck na Jennifer Lee. Elsa alikuwa ameandikwa kama mtu mwovu. Wakamfanya yeye na Anna kuwa dada wa damu, kisha watunzi wa nyimbo, mume na mke Robert Lopez na Kristen Anderson-Lopez, wakaleta wimbo Let It Go. Ndani ya wimbo huo hakuna mtu mwovu. Kuna mwanamke aliyechoka kujificha. Ikabidi hadithi iandikwe upya ili imfuate.

Itazame sehemu hiyo polepole, sauti ikiwa imezimwa. Glovu inaondoka mkononi, inapeperuka. Mguu unakanyaga, daraja la barafu linatokea. Taji linatupwa, nywele zinafunguka, gauni zito la rangi ya giza linageuka kuwa la buluu linalometa. Jumba linasimama. Hesabu sasa: ndani ya dakika chache zimezaliwa nywele, gauni, jumba na wimbo. Karibu kila bidhaa utakayoiona dukani ina mama hapo. Nami naamini ilifaulu kwa kuwa jambo lililotangulia lilikuwa hisia ya kweli ya mtu, na gauni likaja kama alama ya hisia hiyo. Yule mtoto wetu hakulipenda gauni kwa sababu linang'aa. Analivaa akitaka kupiga mguu chini na kufungua mikono.

Sasa chukua kalamu ya pili

Itazame filamu nzima orodha ikiwa mkononi, na kila unapoona kitu cha babu, kitie alama. Simamisha filamu bila aibu.

Vipande viwili vya kioo: Anna anapigwa na barafu mara mbili, utotoni kichwani, ukubwani moyoni. Majeraha mawili, sehemu mbili za mwili. Na tazama uponyaji ulivyogeuzwa. Moyo wa Kai unayeyushwa na machozi ya mtu mwingine. Moyo wa Anna unayeyuka kwa tendo lake mwenyewe, alipojiweka mbele ya upanga ili amkinge dada yake. Andersen alimponya anayependwa, filamu ikamponya anayependa. Nilipoliona hilo nililia kidogo, na nimelifundisha mara nyingi tangu hapo.

Mazimwi: kwa babu ndiyo yaliyotengeneza kioo, kwa mjukuu ndio matabibu wanaoishi mawe kwa mawe msituni. Kulungu anayesema: sasa hasemi, kijana mwenye kulungu huyo, Kristoff, ndiye anayesema kwa niaba yake. Na majina, yasome upesi kwa kufuatana: Hans, Kristoff, Anna, Sven. Masikio yako yatakuambia ni jina la nani.

Viatu vya kutelezea kwenye barafu nilivipita mara tatu kabla ya kuviona. Vimo mwishoni kabisa, uwanjani, Elsa anapoiwekea miguu ya Anna vyuma vya barafu na kumvuta ateleze naye. Kwa Andersen malkia aliahidi jozi ya viatu kama ujira na hakuna aliyepewa. Hapa malkia anavitoa bure. Sidai kwamba waliokaa mezani walikusudia hivyo. Kwenye nasaba unaandika unachokiona, basi.

Na Kai na Gerda? Rudi kwenye sherehe ya kutawazwa. Bwana mnene aliyevaa rasmi, anayetangaza kuingia kwa Malkia Elsa na Binti Mfalme Anna, anaitwa Kai. Mwanamke anayehudumu jumbani anaitwa Gerda. Babu zao waliobeba ngano nzima wamekuwa watumishi wanaowafungulia wajukuu mlango. Nilimwamsha mtoto asubuhi kumwomba radhi na kumwonyesha.

Chora matawi, ukitenga yanayobeba hadithi na yanayobeba sura tu

Hapa kazi ni nyepesi, ni tarehe tu, ila weka alama mbili tofauti. Tawi linalobeba hadithi ni lile ambalo ndani yake mtu hubadilika. Linalobeba sura lina Elsa akitabasamu kwenye mkoba. Sisemi la pili ni baya, nasema halizai.

Novemba 2013 filamu inatoka Marekani. Inaingiza takriban dola bilioni 1.28 duniani, na Machi 2014 inatwaa tuzo mbili za Oscar, ya filamu ya katuni na ya wimbo. Albamu ya nyimbo zake inakaa kileleni mwa chati ya Billboard 200 kwa jumla ya wiki 13. Magauni ya Elsa yanaadimika madukani. Mwaka 2015 inatoka filamu fupi. Mwaka 2016, katika bustani ya Disney ya Epcot, Florida, mashua zilizokuwa zikiwapeleka watu katika visa vya Norway zinawekwa kwenye safari mpya ya Elsa na Anna. Machi 2018 hadithi inapanda jukwaani Broadway, New York, inasimama Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, inapanda tena London mwaka 2021. Novemba 2019 filamu ya pili, takriban dola bilioni 1.45. Novemba 2023 sehemu nzima ya bustani ya Disney huko Hong Kong inafunguliwa kwa jina la ulimwengu wao.

Usidharau runinga. Nilikuwa nimetia alama ya kutokuwepo mbele ya kioo cha zimwi, kwani filamu haina. Baadaye nikakuta kwamba mwaka 2014 mfululizo wa Once Upon a Time uliwaingiza Elsa na Anna, ukawapa shangazi ambaye ndiye Malkia wa Theluji, naye anavunja kioo ili vipande viwaingie watu machoni waoneane ubaya. Kile ambacho mtoto mkubwa alikiacha, mdogo alikiokota.

Rudi kwa waliofutwa

Mwisho, chukua wale mabibi wawili wa kaskazini. Kwa Andersen wa kwanza ni wa Lapland, anayeandika juu ya samaki mkavu. Wa pili ni wa Finnmark, anayesoma ujumbe ule mara tatu, akaukariri, kisha akamtia samaki chunguni asipotee bure. Kulungu anamwomba ampe Gerda nguvu, naye anajibu kwamba hawezi kumpa nguvu kubwa kuliko aliyo nayo, imo moyoni mwake. Ndiyo kauli nzito kuliko zote katika ngano, na imetoka kinywani mwa mwanamke wa watu wa kaskazini, ambao wenyewe hujiita Wasami.

Filamu ya kwanza ilichukua kulungu wao, mavazi yanayofanana na yao, na inafunguka kwa wimbo uliotokana na uimbaji wao wa joik, kazi ya mtunzi wa Kisami, Frode Fjellheim. Lakini Wasami wenyewe hawakuwamo, na wakalisema hilo. Kabla ya filamu ya pili, mwaka 2019, Disney iliweka makubaliano na mabunge ya Wasami ya Norway, Sweden na Finland pamoja na Baraza la Wasami: washauri wao wakashiriki, na filamu ikatolewa pia kwa Kisami cha Kaskazini. Humo tunakutana na watu waitwao Northuldra, waliochorwa kwa kuwaangalia Wasami. Na mama yao Elsa na Anna ni mmoja wao.

Kwa hiyo vuta mstari kutoka kwa yule bibi wa samaki, uupitishe kando ya nafasi ndefu nyeupe, uufikishe kwenye duara la malkia. Mstari wangu ulikuwa mrefu kiasi kwamba nilibandika karatasi ya pili.

Acha nafasi chini. Filamu ya tatu imetangazwa kwa mwaka 2027. Kwenye orodha yetu vimebaki vitu vichache ambavyo kalamu ya pili haijavigusa, na kimojawapo ni vile vipande vya barafu, na mvulana aliyekaa juu ya ziwa akijaribu kuvipanga viwe neno. Mtoto wa kaka yangu amekizungushia duara kwa penseli.